Mzee wa Lita Moja

Watu wakisikia nafanya unesi Joburg huniuliza kama nimeshawahi kuhudumia waliopigwa risasi. Nimewahudumia, ndiyo, na hawana shida. Mtu wa risasi hulala kimya akakuachia ufanye kazi yako. Walionitoa jasho mimi ni wanaume watu wazima, wenye akili zao timamu, walioambiwa wapunguze kunywa maji.

Hospitali yetu ni ndogo, kusini mwa jiji, si mbali na Rosettenville. Haina ghorofa, na madirisha ya wodi ya wanaume yanatazama pale magari yanapoegeshwa. Kwa kuwa mimi ni mtu wa Tanga, kila mgonjwa anayesema "jamani" pale mapokezi huletwa kwangu, awe ametoka Kigoma au Bukavu. Wiki hiyo nilikuwa nao watatu katika chumba kimoja. Wa kwanza, fundi cherehani Mkongomani mwenye kisukari na kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Wa pili, mlinzi wa Kirundi anayekaa Hillbrow, aliyevunjika mguu. Si kwa kupambana na majambazi, hapana, aliteleza kwenye ngazi akikimbilia simu yake. Na kitanda cha dirishani alilala Mzee.

Mzee alikuwa Mzanzibari, muuza mapazia wa Malvern, pale Jules Street. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, maji yakamjaa miguuni na mapafuni. Miguu ilivimba hata kandambili hazimwingii. Akisema maneno sita anapumzika kuvuta pumzi, kisha anaendelea na ubishi palepale alipouachia. Daktari alimwandikia dawa ya kumkojoza, na akampa mpaka: lita moja kwa siku. Chai humo humo, uji humo humo, mchuzi humo humo.

"Lita moja," Mzee aliniambia. "Mie nina ndege wangu nyumbani... anakunywa zaidi ya hivyo."

"Ndege wako hana maji kwenye mapafu, baba."

"Hujampima."

Haya. Sasa usinione nafanya mzaha, kulikuwa na jambo. Jumapili ile Mzee alikuwa anamwoza binti yake. Mtoto mmoja tu Mungu alimpa, akamngoja miaka mingi, akaja kuzaliwa hapahapa Joburg, msichana wa Kiingereza na Kizulu, anayesikia Kiswahili vizuri ila akikijibu unacheka. Wakwe walikwishafika kutoka Unguja kwa boti na basi, siku sijui ngapi barabarani, na Jumatatu walikuwa wanageuza. Kuahirisha hakuwezekani. Daktari akasema wazi: uzito ukishuka kutoka kilo themanini na nne hadi themanini, na mapafu yakikauka, Ijumaa anakwenda nyumbani. La sivyo anabaki kitandani, harusi au si harusi.

Mkewe, mwanamke mpole mwenye sauti ndogo, alipendekeza kaka yake awe wakili wa kuozesha. Mzee alimtazama mpaka yule mama akaanza kukunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

"Mwanangu nimwoze... kwa mdomo wa shemeji?" Hilo likafungwa.

Basi kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu tukawa tunapima. Jamani, mizani ile iliona mambo! Mzee alianza kwa kuvua kofia. Halafu saa. Siku ya pili akavua na pete, akaishika fundi. Siku ya tatu akatoa meno ya bandia akayaweka kwenye kiganja changu, ya moto, yana mate, akapanda mizani akiwa amefumba macho.

"Toa pumzi, Papa," fundi akamshauri kutoka kitandani. "Pumzi nayo iko na kilo."

Akatoa pumzi. Themanini na tano.

Alikuwa anapanda! Dawa ya kukojoza inaingia, lita moja inapimwa kwa kikombe, na mtu anaongezeka. Na la ajabu zaidi, kwenye ile karatasi ya kinachoingia na kinachotoka, karatasi niliyoijaza kwa mkono wangu mimi, Mzee alikuwa anakojoa mkojo wa kutosha watu wawili. Daktari aliikodolea macho karatasi ile. Akapandisha dozi. Akaagiza mizani ikaguliwe. Akanisimamisha mimi juu yake ili ahakikishe, mbele ya mlinzi wa Kirundi, ambaye alisoma namba yangu kwa sauti. Mizani haikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa langu, na lazima nieleze lilivyokuja.

Siku ile ya kwanza tulimpa Mzee chombo cha plastiki cha kukojolea, chenye mistari ya vipimo. Alikitazama, akakigeuzia ukutani. Nikamwelewa. Mtu wa makamo ya baba yangu, mkojo wake ubebwe na mimi, mtoto wa kike wa pwani, mbele za watu? Nesi mwingine angemwambia tu, bwana, kojoa humu. Mimi nilikaa kwenye kiti nikaanza kuzunguka kwa maneno. Nikamwambia, baba, kile kitu... kile kinachotokana na dawa... usikimwage. Kiweke kwenye chochote upendacho, kifunike, mie nitapita mwenyewe asubuhi nikitazame, wala hatutasemezana. Neno lenyewe sikulitamka hata mara moja. Nilijiona mstaarabu kweli.

"Nimekufahamu, mwanangu," Mzee akasema.

Hakufahamu kitu. Alidhani namzungumzia dawa nyingine kabisa.

Kesho yake asubuhi nikakuta chini ya kabati lake chupa kubwa ya soda, ile ya lita mbili, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nikasema moyoni, ona mzee wa Kiunguja, haya zake hizo! Nikainua kitambaa kidogo. Majimaji ya manjano yaliyokolea. Nikakadiria kwa macho, lita moja na nusu. Nikafunika, nikaandika upande wa kinachotoka, nikamtikisia Mzee kichwa. Naye akanitikisia kichwa. Siku tatu tulitikisiana vichwa namna hiyo kwa heshima kubwa.

Siku ya tatu, Jumatano, saa nne asubuhi, naingia na dawa za fundi. Namwona Mzee ameketi kitandani, ameipakata ile chupa. Anafungua kifuniko. Anamimina kwenye bilauri, kitu cha manjano, inajaa mpaka juu. Anasema Bismillahi. Anainua mdomoni.

Mtume! Sikumbuki nilivyoweka trei. Nilichosikia ni sauti yangu mwenyewe imejaa wodi nzima: "Baba, usinywe mkojo!"

Chumba cha pili walizima hata redio.

Mzee alishusha bilauri taratibu. "Mkojo?" akasema. "Astaghfirullah! Mkojo? Mwanangu... umepagawa? Hili kombe!"

Nikainusa. Marashi. Zafarani. Kombe la haki, lililoandikwa aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe, likaoshwa kwa maji ya waridi. Mimi! Mimi ambaye bibi yangu pale Tanga alininywesha kombe kabla ya kila mtihani, na nikafeli hesabu vilevile. Siku tatu nimetazama kombe nikaliandika mkojo. Kila jioni wakati wa kuona wagonjwa mkewe alikuwa anakuja na chupa nyingine kama hiyo, na Mzee, mtu mwaminifu, alikuwa anaimaliza yote. Mkojo wenyewe alikuwa anakwenda nao chooni kama kawaida.

"Si niliambiwa nisinywe maji," alisema. "Sijanywa maji. Hii dawa. Na wewe ulikuwa unaiona kila siku, unakubali kwa kichwa! Nikasema, huyu mtoto kalelewa."

Nikamgeukia fundi, maana yeye kitanda chake kinatazama kabati lile. "Na wewe, Papa, ulikuwa unaona?"

"Maman, miye nilizani unajua," akasema fundi. "Si wewe njo nesi?"

Nilitaka kucheka na nilitaka kujificha chini ya kitanda. Lakini hesabu yangu ilikuwa imeshafanyika kichwani, na haikuchekesha: karibu lita moja na nusu kila siku juu ya lita yake, kwenye moyo uliokuwa umeshindwa na lita yenyewe, na daktari alikuwa amepandisha dozi kwa kuamini mwandiko wangu. Ilibidi nikaseme.

Sista wetu mkuu ni mama wa Kizulu, mnene, msafi, anayetembea na rula mfukoni kwa sababu hapendi mistari iliyopinda. Nilimweleza yote. Kombe nilishindwa kulitafsiri. Nikasema, ni sala, Sista, imeandikwa kwa rangi, inaoshwa, inanywewa.

Aliivuta karatasi. "Kwa hiyo umeandika sala kwenye safu ya mkojo."

"Ndiyo, Sista."

"Siku tatu."

"Ndiyo, Sista."

Alitoa rula. Akapiga mstari mwekundu juu ya namba zangu, mmoja mmoja, umenyooka, na chini ya kila mstari nikasaini kwamba nilikosea. Kisha akasema jambo ambalo sijalisahau. Akasema, yule mzee angeweza kwenda nyumbani kwa mkojo wako wa uongo, akazama kwa maji yake mwenyewe siku ya harusi ya mtoto wake. Nilisema nimesikia.

Sasa uamuzi wa kombe aliniachia mimi. "Wewe ndiye unayewajua watu wako," alisema. Na hapo ndipo unesi ulipo, si kwenye sindano. Kupiga marufuku kulikuwa rahisi, sekunde mbili. Lakini nawajua watu wangu, kweli. Ningelikataza, lingeingia ndani ya termosi ya kahawa, lingeingia ndani ya mfuko wa machungwa, yule mama mpole angelifunga tumboni kwa kanga, na mimi nisingelipima tena maisha. Nikaamua kombe libaki, ila lihesabiwe. Nikampigia simu sheikh aliyeliandika, mtu wa Malvern, nikamuuliza: je, ni lazima mgonjwa anywe chupa nzima?

"Chupa?" sheikh akashangaa. "Chupa gani? Mimi niliandika sahani moja. Kijiko kinatosha. Hata akilamba."

Ilikuwa mkewe. Kwa mapenzi tu, alikuwa anaosha ile sahani kwa maji mengi ili mumewe apate baraka nyingi.

"Kijiko kimoja, mwanangu?" aliniuliza jioni, machozi yanamlenga. "Kwa mwili wote ule?"

"Kijiko kimoja, mama. Sheikh kasema."

Nikaandika kwenye karatasi, upande wa kinachoingia safari hii: kombe, mililita tano. Sista akapita, akasoma, akaenda kitanda cha pili.

Alhamisi themanini na mbili na nusu. Mzee alikojoa ndani ya chombo chenye mistari, tena alikuwa anakiinua kutuonyesha, haya zote zimekwisha. Chumba kizima kilikuwa kinapiga hesabu. Fundi aliacha kunywa chai mbele yake ili asimtamanishe. Mlinzi wa Kirundi alikuwa anahesabu safari zake za chooni, kwa sauti, kwa Kifaransa.

Ijumaa asubuhi Mzee alivua kila kinachovuliwa akapanda mizani. Themanini na moja na nusu. Nikaweka kifaa mgongoni nikasikiliza, na chini ya mapafu bado kulikuwa kunachemka.

Alinishika mkono. "Mwanangu. Andika themanini."

"Baba..."

"Kilo moja na nusu tu. Gunia la nini hilo? Siku tatu uliandika mkojo ambao haukuwapo... leo unashindwa kuandika themanini? Yakhe, mie nakuomba."

Alinishika pabaya. Kalamu nilikuwa nayo. Daktari alikuwa bado hajafika. Na mimi, nikwambie ukweli, niliozwa kwa simu. Baba yangu alikuwa Tanga, mimi Joburg, nauli haikupatikana, akampa uwakili mtu wa msikitini ambaye sijui hata jina la ukoo wake. Nilisikia baba amekohoa kwenye simu, halafu mtandao ukakatika. Alifariki mwaka uliofuata. Ninako hata sasa, kule kukohoa. Kwa hiyo usidhani sikutaka.

Niliandika themanini na moja na nusu.

Mzee alirudisha meno mdomoni, akalala, akageukia ukuta. "Una roho ngumu," aliuambia ukuta. Mimi nikaenda chumba cha kuoshea vyombo nikalia kati ya mabeseni, nikajipangusa kwa karatasi ngumu ile ya kufutia mikono, nikatoka pua nyekundu.

Fundi alinisubiri. Alikuwa amekaa kitandani, mguu wake wenye bendeji juu ya mto. "Maman," akasema, "mzee hawezi kwenda kwa harusi. Sawa. Harusi haina ugonjwa. Harusi inaweza kuja."

Nikamwambia aache upuuzi. Sheria ya wodi iko mlangoni kwa herufi kubwa: kila mgonjwa wageni wawili tu, saa nane hadi saa tisa mchana, na tena jioni. Nikah inataka bwana harusi, bibi harusi, mama yake, sheikh na mashahidi wawili. Sita.

Fundi akaanza kuhesabu vitanda kwa kidole. Mzee, wawili. Yeye, wawili. Mlinzi, wawili. Akaniangalia.

Sista sikumwomba ruhusa. Jibu lake nililijua.

Jumapili saa nane juu ya alama waliingia, wawili wawili, kwa adabu, wamepishana dakika moja moja. Mzee tulikuwa tumemvika kanzu juu ya nguo za hospitali, na nyuma tumemwegemeza mito mitatu. Tulikuwa tumekwishavuta pazia nusu aliposimama Sista mlangoni. Akatazama. Akahesabu, midomo ikicheza.

"Nani mgeni wa nani?" akauliza.

"Huyu dada yangu," akasema fundi, akimwonyesha bibi harusi, ambaye alikuwa na hina hadi viwikoni, gauni la kumetameta, na jasmini kichwani. "Na ule ndugu yangu." Huyo alikuwa bwana harusi, kanzu na joho.

Sista akamgeukia mlinzi wa Kirundi. Mlinzi ni Mkatoliki, rozari inaning'inia kitandani. Wageni wake walikuwa sheikh mwenye ndevu hadi kifuani na shahidi mmoja. Mlinzi akaishika rozari.

"Padri wangu," akasema.

Sista akamtazama sheikh. Sheikh akatazama dari. "Kwa leo," akasema sheikh polepole, kwa Kiingereza.

Waliobaki, mama wa binti na shahidi wa pili, walikuwa halali kabisa, wageni wa Mzee. Sista akahesabu tena. Sita. Alinitazama mimi, na nikaona nimeshafukuzwa kazi. "Sita ni sita," akasema. Akaingia, akafunga mlango nyuma yake, akasimama hapo mikono imekunjwa.

Sheikh akasoma hotuba, akamuuliza binti ridhaa yake, binti akajibu "ndiyo" kwa lafudhi ya Soweto. Kisha akampa Mzee mkono wa bwana harusi. Na Mzee, aliyebishana wiki nzima na mizani, na daktari, na mimi, na ndege wake, akakosa sauti. Alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Machozi tu. Nikasogea, nikashika mshipa wake, nikawa nasikia moyo unavyohangaika chini ya vidole vyangu. Nilikuwa naogopa, sifichi.

"Baba, take your time," binti akamwambia.

Akavuta pumzi. "Nimekuoza," akasema. Akapumzika. "Nimekuoza mwanangu." Akamtaja kwa jina lake lote, jina la kwanza, na lake yeye, na la babu. Akapumzika. "Kwa mahari... mliyopatana."

"Nimekubali," akasema bwana harusi haraka, maana aliona mzee anachoka.

Nje ya dirisha, kule kwenye magari, mashangazi walikuwa wamejibanza na masinia. Vigelegele vikapasuka. Nikasema basi, hospitali nzima imejua. Nikageuka kumwomba Sista radhi, nikakuta kichwa kimerudi nyuma, mdomo wazi, anapiga cha kwao, cha Kizulu, kirefu kuliko vyote vya mashangazi, mpaka mfanyausafi akajibu kutoka korido.

Sharubati ilipitishwa dirishani. Mzee akanitazama, akaitazama sharubati. Nikampimia kwenye kikombe kidogo cha dawa.

Jioni nikaandika ripoti ya Mzee kwa mwandiko ulionyooka. Mgonjwa amepewa dawa zote. Mapigo ya moyo yalipanda saa nane na nusu, yakatulia yenyewe. Miguu bado imevimba. Amekunywa sharubati, mililita thelathini. Amemwoza binti yake mwenyewe.

Sista akasoma, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Hili si jambo la kitabibu," akasema.

Nikamwambia nitalifuta, nikaomba rula. Hakunipa. Alisoma tena toka juu, akachukua kalamu yangu, akasaini chini yake.